Mtafiti Amekuja Tena na Hojaji, Tumwambie Nini?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja: watu wanaochunga misitu na mito na mashamba wanataka kujua watakaa aje na watu wa utafiti sasa venye hali ya hewa imebadilika. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine juu imenigusa.

Habari yako Mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha msitu huku upande wa Dagoretti. Kwa miaka sita nimehesabu vikundi vinne vya watafiti. Wanakuja, wanapewa mtu wa kuwatembeza, wanapima miti, wanachimba udongo, wanatuuliza mvua ya zamani ilikuwa aje, wanatununulia soda, wanaenda. Hakuna hata kimoja kimewahi kurudi kutuambia kilipata nini. Mwisho wa Oktoba 2022 tulipanda miche kwa nguvu zetu wenyewe na karibu yote ikakauka, na kuna watu walikuwa na vipimo vya udongo wa hapo hapo! Sasa wengine wamepiga simu wanataka kuja mwezi ujao. Wanachama wanasema tuwafungie geti. Nishauri.

Katibu, pole sana kwa hiyo miche. Mtu ambaye hajawahi kubeba maji na mtungi kupelekea mche hawezi kujua uchungu wa kuukuta umekauka. Na hiyo hasira ya wanachama wako naielewa kutoka upande wa pili, kwa sababu zamani nilifanya kazi ya usaidizi wa utafiti, nimejaza hojaji mpaka vidole vikauma, na kuna mama mmoja alinishika mkono tukimaliza akaniuliza mtarudi lini kutuambia. Nikamwambia karibuni. Hatukurudi. Pesa ilikuwa imepangiwa kukusanya na kuandika, ya kurudi haikuwa kwa bajeti, na hakuna mtu aliyeona hilo ni kosa. Huyo mama bado namkumbuka.

Lakini geti msifunge. Wacha nikuambie kwa nini, nikianza na hiyo Oktoba yenu. Agosti 2022 wataalamu wa ICPAC, kile kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ambacho kiko hapa hapa kwetu, walitoa utabiri wa Oktoba mpaka Disemba, wakasema uwezekano wa mvua kuwa chini ya kawaida ni mkubwa sana sehemu nyingi za ukanda huu. Na ikawa hivo, ukawa msimu wa tano mfululizo mvua kukataa, kuanzia ule wa mwisho wa 2020. Maana yake ni kwamba wakati nyinyi mnachimba mashimo, habari ya kuwaambia ngojeni, shikilieni miche kwa kitalu msimu mmoja zaidi, pandeni kidogo tu karibu na kijito, ilikuwa imeshatoka zaidi ya miezi miwili. Sayansi ilikuwepo na nyinyi mlikuwepo, na katikati hapakuwa na mtu. Hilo ndilo pengo, na mkifunga geti linazidi kupanuka.

Kwa hivyo wakipiga simu tena waulize kitu kimoja kabla hata ya kuwapa tarehe: hii kazi yenu itatusaidia kuamua nini? Uwe na maamuzi yenu tayari umeyaandika, maana mnayo mengi hata kama hamuyaiti hivyo. Mwaka huu tupande aina gani, tupande lini, mikaratusi ikikatwa turudishie nini pale, mifugo iruhusiwe kuingia mwezi gani, moto tuuogope kuanzia lini. Mtafiti mzuri akiona hiyo karatasi macho yatawaka, atakwambia mawili matatu hapa naweza, hili siwezi. Yule ambaye anasema ngoja nimalize hojaji zangu kwanza alafu tutaona, huyo ameshaandika maswali bila nyinyi na majibu pia yatakuwa bila nyinyi.

Na haya si mawazo yangu peke yangu. Marekani serikali yao ina vituo maalum vya sayansi ya kukabiliana na tabianchi, viko chini ya USGS, shirika lao la utafiti wa jiolojia, na kazi yavyo ni kutafuta majibu ambayo mtu anayechunga mbuga ama mto ama samaki anaweza kuyatumia. Mwaka 2015 kamati iliyokuwa inavishauri ilitoa mwongozo ikasema njia ya kuaminika kuliko zote ya kupata sayansi inayotumika ni mtafiti na mwenye kuamua waitengeneze pamoja tangu mwanzo. Tangu mwanzo maana yake wakati proposo bado haijaandikwa, kabla mtu hajaja getini na soda.

Hapa kwetu tunao mfano ambao mi nauheshimu sana, Gazi, kule Kwale. Watafiti wa KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na samaki, walikuwa kwa ile mikoko miaka mingi, wakipanda na watu wa kijiji na kupima pamoja nao, na mwaka 2013 ikazaliwa Mikoko Pamoja, watu wa Gazi na Makongeni wakaanza kuuza hewa ya kaboni ya hekta 117 za mikoko, yaani wanalipwa kwa hewa chafu ambayo hiyo miti inaifyonza na kuishika. Ile pesa imeleta maji kijijini, imenunua vitabu vya shule. Sasa angalia venye kazi imegawanywa: kipimo cha mti ni cha sayansi, lazima kifanywe vizuri la sivyo kaboni haiuziki, lakini mti ukikatwa usiku anayejua ni mtu wa kijiji, na pesa ikiingia anayeamua ni kijiji kwa mkutano. Hakuna upande unaweza kubeba hiyo kitu peke yake. Na ilichukua miaka, usitarajie kikundi cha mwezi ujao kikupe Gazi kwa wiki mbili.

Kitu kingine Katibu, nataka mjue mna mali. Lile daftari lenu la kitalu, mmeandika mmeotesha nini, tarehe gani, ngapi zilishika, hiyo ni rekodi ambayo mtafiti akianza leo itamchukua miaka sita kuipata. Wazee wenu wanaojua mti gani ulikuwa unatoa maua kabla mvua haijafika, hao pia. Kule Bunyore, Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi wanaosifika kwa kusoma mvua walikaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa, kila upande ukaleta utabiri wake, wakakubaliana ujumbe mmoja wa kupelekea wakulima. Ukoo uliheshimiwa na wataalamu wakaaminiwa. Kwa hivyo msikae kwa hicho kikao kama watu wa kuulizwa tu. Nunueni kipima mvua, ni kitu kidogo, mtu mmoja akisome kila asubuhi saa tatu aandike. Miaka mitatu ya hayo maandishi na mtakuwa mnatafutwa nyinyi.

Mambo ya karatasi sasa, haraka haraka. Mtafiti yeyote Kenya anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, muombe muione, na kwa msitu wa serikali awe na ruhusa ya KFS, huduma ya misitu, pia. Alafu muandike makubaliano hata ya ukurasa mmoja: nakala ya data ibaki kwenu kwa flashi, matokeo yaletwe kwa mkutano wa chama kwa Kiswahili kabla hayajaenda kokote, anayewatembeza alipwe kama mfanyakazi maana ni mfanyakazi, na jina la chama liwe kwa ripoti. Sheria ya misitu ya 2016 inawatambua nyinyi kama chama cha jamii chenye makubaliano ya usimamizi, hamuombi fadhila hapo. Wakikataa kuweka sahihi, sasa hapo geti mnaweza kufunga.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa masta, naishi Kahawa. Utafiti wangu ni wa mafuriko kando ya mito ya Nairobi. Nimeandikia ofisi tatu zinazohusika na mito na hakuna iliyojibu. Msimamizi wangu anasema nisisumbuke nao, niandike tu pepa. Lakini mi nilikuwa Mathare Aprili 2024, niliona maji, sitaki kazi yangu ikae kwa rafu. Nifanye nini?

Dadangu, usiache hilo jambo la Mathare likatoka moyoni. Pepa iandike, utahitaji shahada yako, lakini kazi yenyewe ianze mahali pengine.

Barua pepe ya mwanafunzi kwa afisa ambaye ana mto, malalamishi, mahakama na MCA, yule mwakilishi wa wadi, kwa simu, hiyo hajibu, na si kwamba amekudharau. Enda. Kaa. Omba usaidie kitu chochote wiki mbili, hata kupanga faili za malalamishi ya mafuriko, na ukiwa hapo sikiliza wanabishana kuhusu nini. Utashangaa. Unaweza kuwa umekuja na modeli ya mvua ya mwaka 2080 na yule mtu anahangaika na zile mita 30 kutoka mtoni, serikali ilivyoamuru watu wahame baada ya mafuriko ya 2024, hajui pale palipobomolewa apande mianzi, apaache wazi, ama atengeneze njia ya maji kutulia. Sasa hapo una swali la kweli. Mita 30 zinatosha wapi na hazitoshi wapi? Mto haupiti sehemu zote kwa upana mmoja.

Alafu ujue kalenda yao, hii watafiti wengi hawaijui na inaua kazi nzuri kila mwaka. Mwaka wa pesa wa kaunti unaanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima uwe umefika kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Ukileta ramani yako ya mafuriko Novemba, watakushukuru, watapiga picha na wewe, na haina mahali pa kuingia mpaka mzunguko mwingine. Leta Juni. Hata kama haijakamilika leta, sema hapa nina uhakika, hapa nina nusu uhakika, hapa bado.

Na hilo la uhakika lielezee kama mtu, sio kama jarida. Utabiri wa msimu huwa unagawanywa mafungu matatu, mvua kuzidi kawaida, kuwa kawaida, kuwa chini, na kama hakuna dalili yoyote kila fungu linabaki karibu na asilimia 33. Kwa hivyo ramani ikisema asilimia 50 kuzidi kawaida, hiyo ni dalili yenye nguvu, lakini pia inamaanisha nusu ya wakati haitakuwa hivo. Afisa ambaye hajaelezwa hili vizuri atasikia "mvua kubwa inakuja", isipokuja atawaita waongo na mwaka ujao hatasikiliza, na mwaka ujao ndio mto utaingia kwa nyumba za watu. Mwambie badala yake: tukisafisha mitaro na mvua isije tumepoteza hivi, tusiposafisha na ije tumepoteza watu. Hapo ameshika uzito wa uamuzi mwenyewe.

Ukurasa mmoja na ramani moja. Zile kurasa zingine za tasnifu mpelekee msimamizi wako.

Mwalimu, mi ni mama wa watoto watatu Kasarani. Maji ya mfereji tunapata siku mbili kwa wiki, zingine tunanunua kwa mkokoteni. Kila siku nasoma kwa gazeti lako habari za watafiti na mazingira. Niambie tu ukweli, mtafiti amewahi kuniletea mimi maji?

Mama, swali lako ni la haki na nitajibu bila kuzunguka. Mgao wako wa leo hakuna mtafiti atauondoa, mji umekua haraka kuliko mabomba na mabwawa, na hiyo ni kazi ya serikali na pesa.

Ila kuna kitu juu ya mlima nataka ukione. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka Ndakaini, Murang'a, bwawa la mita za ujazo milioni 70 lililokamilika 1994, linajazwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, maji yanasafishwa Ng'ethu alafu yanashuka mpaka matanki ya Gigiri. Yale mashamba ya miteremko ya Aberdare juu ya mito yakilimwa mpaka ukingoni, mvua kubwa inabeba udongo wote, mto unakuwa mwekundu, mtambo unalemewa na tope, mabwawa yanajaa mchanga mahali pa maji. Na siku hizi mvua inakuja kwa kishindo, inanyesha ya wiki mbili kwa siku moja, alafu kiangazi kirefu. Mkulima anapoteza udongo na wewe unapoteza maji, ni hasara moja.

Watafiti walichofanya hapo ni kupiga hesabu ambayo hakuna mkulima wala kampuni ya maji ingeweza kupiga peke yake. Walionyesha ni miteremko gani inatoa udongo mwingi, wakachagua mabonde matatu ya kuanzia, Thika-Chania, Maragua na Sagana-Gura, na wakaonyesha kwamba dola milioni 10 zikiwekwa kwa kuhifadhi mashamba huko juu, kwa miaka 30 faida inaweza kufika dola milioni 21.5. Kwa hizo hesabu ndio ukaanzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi mwaka 2015, ambapo kampuni za huku chini zinachangia na wakulima wa huko juu wanasaidiwa kuchimba matuta ya fanya juu, kupanda nyasi ya nepia kushika udongo, kuacha ukingo wa mto na miti, na kutengeneza vidimbwi vya kuvuna maji ili kiangazi wasivute mtoni. Sijawahi kuona kitu kinachonipa tumaini kama mkulima wa hapo akikuonyesha nepia yake, maana ng'ombe wake anakula na wewe Kasarani unakunywa.

Sasa mtu wa kubanwa ni nani? Kila hesabu iliyoahidi lazima irudi ipimwe, tope limepungua kweli, kwa mto upi, kiasi gani. Siku mwakilishi wako atakuja kuomba kura muulize hilo pamoja na bomba.

Hujambo Mwalimu. Sisi ni vijana, Jumamosi huwa tunapanda miti ya kiasili, tukisema tunarudisha msitu wa zamani. Lakini juzi rafiki yangu aliniuliza kitu nikakosa jibu: kama hali ya hewa ya zamani imeenda, msitu wa zamani utarudi kukaa wapi?

Rafiki yako ana akili. Hilo ndilo swali ambalo wasimamizi na watafiti duniani wanakaa nalo sasa hivi, na heri mmelifikia mapema.

Huduma ya hifadhi za taifa ya Marekani na watafiti wao wana namna ya kulipanga ambayo naipenda kwa sababu inakulazimisha kusema ukweli. Mabadiliko yakija kwa eneo lako una njia tatu, unayapinga, unayakubali, ama unayaelekeza. Na lazima ujue umechagua ipi, kwa sababu wengi hupinga bila kujua wanapinga.

Kupinga mnakujua. Karura, hekta kama 1,041 ambazo zilitangazwa msitu tangu 1932 na ambazo Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakizitetea 1999, huko magugu yanang'olewa kwa mikono, mashamba ya zamani ya mikaratusi yanarudishiwa miti ya kwetu, na mi nasema kazi hiyo iendelee kwa nguvu zote. Kukubali nenda Nakuru uone. Ziwa lilipanda mpaka lango kuu la mbuga na ofisi zikaingia majini, na hakuna mtu angeweza kulirudisha ziwa nyuma, lango likahamishwa na barabara zikachorwa upya. Inauma, lakini kuna wakati kupigana na ziwa ni kutupa pesa ya kuokoa kitu kingine.

Kuelekeza ndio kugumu, na hapo ndipo hamuwezi kwenda bila mtafiti. Kitui, KEFRI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu, na Wajapani tangu 2012 wamekuwa wakichagua miti ya mikau inayostahimili ukame, wanatafuta mti mama uliosimama vizuri mahali pakavu, wanachukua mbegu yake, wanapanda, wanapima miaka na miaka, ndio mkulima apate mche ambao umejaribiwa. Nyinyi mngeweza kufanya kidogo ya hiyo kwa msitu wenu: mti wa mutamaiyu ni ule ule, wa mutarakwa ni ule ule, lakini mbegu nyingine itoke sehemu kavu kidogo kuliko Nairobi, ipandwe mstari wake, ya hapa mstari wake, msimamizi wa msitu akubali mahali, mtafiti apange vipimo, nyinyi mpime kila mwaka kwa sababu nyinyi mtakuwa hapa. Msipande mahali pote hivo, hapana, kipande kidogo, maana mbegu ya mbali inaweza kushindwa ama kuchanganyika na ya hapa kwa njia ambayo hamkutaka. Ndio maana lazima muwe watatu kwa meza.

Jumamosi ukienda, kabla hujashika jembe, muulize mwenye kitalu mbegu ya huo mche ilitoka msitu gani, mwaka gani. Wengi watakwambia hawajui. Beba daftari, muanze kuandika hiyo hiyo siku.